Barua ya wazi kwa wanaogawa skolashipu za ufaulu vyuo binafsi: tuonesheni masharti kabla hatujalipia nafasi

Kwenu wakuu wa vyuo vikuu binafsi, wajumbe wa kamati za ufadhili, na nyie wa ofisi za udahili ambao saini zenu ndo zinakaa chini ya zile barua za "Hongera sana".

Habari za majukumu. Kila ukoo una mtu mmoja anayejulikana kwamba anajua kujaza fomu, na kwetu huyo mtu ni mimi, kwa hiyo msimu wa maombi ukifika simu haitulii, vijana wa ndugu, wa marafiki, wa marafiki wa marafiki, wote wananirushia skrinishoti za barua zenu na maswali ni yale yale mawili: sasa hapa nalipa kiasi gani, na nikishaingia wanaweza kuninyang'anya lini? La kwanza huwa tunahangaika nalo tunalimaliza. La pili ndo limenifanya niandike hapa wazi, maana tukiwatumia imeli mnatujibu kwa kiungo cha ukurasa ule ule tuliotoka kuusoma.

Naongelea skolashipu za ufaulu, ile hela mtu anapewa kwa alama zake au kipaji chake bila kuangalia mzazi ana nini. Ufadhili wa wenye uhitaji una fomu zake na vita vyake, leo siugusi. Ninachoomba ni kimoja: masharti ya kuipata na masharti ya kuitunza yaandikwe kwa namba, sehemu moja, na kijana ayaone kabla hajalipa ile pesa ya kushikilia nafasi. Mifano mingi nitaitoa Marekani kwa sababu huko huu utaratibu umekomaa na taarifa zake zinapatikana, ila mkisoma mtajiona humu hata kama chuo chenu kiko kwingine kabisa.

Haya, kuipata. Kuna vyuo, na hawa nawapa heshima yao, wanaweka jedwali: wastani wako ukiwa hapa mpaka hapa, unapata kiasi hiki, moja kwa moja, hakuna insha wala kamati. Mtoto wa kidato cha mwisho anafungua, anajitafuta kwenye mstari wake, dakika tano kamaliza na anajua kama aombe au asijisumbue. Halafu kuna nyie wengine. "Wanafunzi wenye ufaulu wa hali ya juu, uongozi na mchango kwa jamii watafikiriwa." Ufaulu wa juu ni upi jamani? Mlichagua watu mwaka jana, majina yao mnayo, alama zao mnazo, sasa kuna ugumu gani kuandika kwamba nusu ya waliopata walikuwa na wastani wa kuanzia pale? Sijasema mtoe siri ya mtu, nasema mtupe kipimo. Skolashipu ikiwa ya ushindani haina shida, watu wanajua kushindana, tatizo ni kushindana huku hujui mstari uko wapi.

Na hapo bado hatujafika kwenye hizo alama zenyewe. Mnaandika "GPA 3.5", yaani wastani wa alama, kana kwamba dunia nzima inatumia kipimo kimoja. Hata huko Marekani kwenyewe shule moja inahesabu mwisho 4.0, nyingine inaongeza uzito kwa masomo magumu mpaka mtoto anafika 4.6 kwenye kipimo cha 5.0, na chuo kingine kikipokea hizo kinazivunja kinazihesabu upya kwa fomula yake, mara kinatoa masomo yasiyo ya msingi, mara kinaondoa ule uzito. Sasa mtu anayetoka kwenye mfumo wa asilimia, au wa herufi, au wa pointi ambazo zikiwa chache ndo umefaulu zaidi, huyu atajijuaje? Mnamwambia apeleke cheti kwa wakala wa kubadilisha alama, kwa gharama yake, halafu akishalipa anaambiwa kapata 3.46. Na 3.46 kwenu ni 3.5 au siyo 3.5? Mnakadiria kwenda juu au hamkadirii? Sentensi moja tu kwenye tovuti ingemaliza hili.

Mitihani ndo kabisa. Tangu korona ya 2020 vyuo vingi vilisema SAT na ACT, ile mitihani ya kuombea vyuo vya Marekani, ni hiari, na baadaye baadhi wakarudisha, MIT 2022, Dartmouth wakatangaza 2024, wengine mpaka leo ni hiari. Sawa, kila mtu na uamuzi wake. Lakini kuna vyuo ambavyo udahili hauhitaji mtihani ila skolashipu kubwa inauhitaji, na maelezo hayo hayakai pamoja. Kijana anasoma ukurasa wa udahili, anaona neno hiari, anapumua, hafanyi mtihani, halafu mwezi wa pili anagundua wale waliopeleka alama, 1400 na kitu kati ya 1600 za SAT, au 31 na kuendelea kati ya 36 za ACT, walikuwa kwenye foleni nyingine kabisa ambayo yeye hakujua kama ipo. Hiari ya hivyo inamgharimu mtu bila kumpa taarifa.

Tarehe nitapita haraka maana hii inajulikana: dedilaini ya udahili inaweza kuwa Januari lakini ya skolashipu ni Novemba au mwanzoni mwa Desemba, na imeandikwa kwenye ukurasa wa tatu ndani. Wekeni zote mbili mstari mmoja. Nyie wenyewe mnajua ni wangapi wanakosa kwa hili tu.

Sasa nije kwenye kinachoniuma hasa, kuitunza.

Chukueni barua yenu wenyewe muiangalie kama anavyoiangalia mtoto wa miaka kumi na nane. Ukurasa wa kwanza jina lake kwa herufi kubwa, jina la skolashipu (huwa na jina zuri, la rais wa chuo, la mwanzilishi, la dhahabu), halafu kiasi, na kiasi chenyewe mmeshakizidisha mara nne, "jumla ya miaka minne", ili namba ijae. Mama analia, picha inapigwa, inaenda kwenye grupu la familia. Ukurasa wa pili, herufi ndogo, unakuta: "inaweza kuhuishwa kila mwaka kwa kuzingatia maendeleo ya kuridhisha kitaaluma kama yalivyoainishwa kwenye sera ya chuo". Sera ya chuo iko wapi? Kwenye katalogi, kitabu cha mamia ya kurasa. Kwa hiyo mtoto ameshangilia miaka minne wakati alichopewa kwa uhakika ni mwaka mmoja.

Na ukienda kuitafuta hiyo sera mara nyingi unakuta wastani wa jumla usishuke chini ya 3.0 kati ya 4.0, au 3.25, kuna wengine wanadai 3.5, na uwe umemaliza krediti 30 kwa mwaka (krediti ni uzito ambao kila somo linahesabiwa). Kwa mtu aliyezoea kuwa wa kwanza darasani 3.0 inasikika kama utani. Ngoja tupige hesabu basi. Muhula wa kwanza amechukua krediti 15, kaingia uhandisi, amekutana na kalkulasi na fizikia na kemia kwa mkupuo, katoka na 2.6, ambayo kwa mwaka wa kwanza wa masomo hayo wala sio aibu. Ili mwisho wa mwaka awe na 3.0 anatakiwa muhula wa pili apate 3.4. Inawezekana, kwa jasho. Lakini kama skolashipu yake inadai 3.25, muhula wa pili anatakiwa apate 3.9, yaani A karibu kila somo, kwenye masomo yaleyale yaliyomtoa 2.6 wiki chache zilizopita. Huyo kwa lugha ya kweli ameshaipoteza Januari, ila anaendelea kusoma na kutumaini mpaka Juni ndo barua inakuja.

Hapo anafanya nini? Anafanya ambacho kila mtu mwenye akili angefanya, anatafuta pa kupumulia. Anaacha somo moja gumu kabla ya tarehe ya mwisho ya kuacha ili lisimharibie wastani. Anabaki na krediti 12, na kwenye mfumo wenu 12 bado anahesabika mwanafunzi wa muda wote, hakuna aliyemwambia chochote, mshauri wake wa masomo kasaini fomu bila neno. Mwisho wa mwaka ana 15 jumlisha 12, krediti 27. Wastani kaokoa, skolashipu imeondoka kwa krediti tatu. Njia ya kuzifidia ni kusoma kipindi cha kiangazi, na kiangazi, hebu niambieni, skolashipu yenu inalipa? Nyingi hazilipi. Anakopa ili atunze msaada. Namjua binti imemtokea hivi hivi, chuo sitakitaja, na kilichomuuma kuliko hela ni kwamba siku anaenda kuacha lile somo alipita ofisi mbili kupata saini na kote walimtazama tu.

Msiseme hii ni hadithi ya mtu mmoja. Jimbo la Georgia lina skolashipu yao ya HOPE, ilianza 1993, inatolewa na serikali ya jimbo kwa pesa ya bahati nasibu na inataka mwanafunzi abaki na wastani wa 3.0. Wachumi walipofuatilia wanafunzi wa University of Georgia waliona hasa hiki ninachokisema: waliokuwa chini ya hilo sharti walipunguza mzigo wa masomo, waliacha masomo zaidi katikati ya muhula, na wengine masomo waliyasogeza kiangazi. Mlitaka kulipia ubora, na sharti lenu likiwekwa vibaya linamfundisha kijana mwerevu kukimbia masomo magumu. Mwenye uhandisi na mwenye fani ambayo nusu ya darasa hupata A mnawapima kwa namba moja, halafu mnashangaa kwanini watu wanahama fani mwaka wa pili.

Mnaweza kulitengeneza hili bila kuongeza hata senti. Mpeni mwaka wa kwanza sharti jepesi, 2.5 kwa mfano, halafu lipande. Au muhula mmoja wa angalizo kabla ya kukata. Wapo wanaofanya hivyo, tena vyuo vyenye jina la kawaida tu. Mimi hata hayo mkiyakataa sitagoma, mradi mmeandika mnachofanya.

Kuna hili la pili ambalo wazazi hawalioni kabisa mpaka mwaka wa tatu. Skolashipu nyingi ni kiasi kilekile kila mwaka, ada sio ileile. Tuseme ada ni 100 na skolashipu ni 40, kwa hiyo mzazi anaanza na 60, anajipanga kwa 60, anaambia ndugu 60. Ada ikipanda asilimia tano kila mwaka, mwaka wa pili ni 105, wa tatu 110 na ushee, wa nne karibu 116. Skolashipu bado 40. Mzazi sasa analipa karibu 76. Ada imepanda chini ya asilimia 16, lakini kinachotoka mfukoni mwake kimepanda zaidi ya asilimia 26, na hakuna mtu aliyevunja ahadi yoyote, barua ni ileile, sahihi kabisa. Ndo maana nasema andikeni: je, hii ni kiasi kisichobadilika au ni asilimia ya ada? Maneno machache hayo. Na kama mna rekodi ya ada ya miaka mitano iliyopita, wekeni pembeni mzazi aione, hesabu atapiga mwenyewe.

Halafu mtoto anahangaika huko nje, anapata kaskolashipu kengine ka taasisi fulani, anawaletea kwa furaha, mnakipokea kwa mkono wa kulia na kwa mkono wa kushoto mnapunguza chenu. Maryland walipitisha sheria 2017 kubana hii tabia ila ni kwa vyuo vya umma, nyie binafsi haikuwagusa, mnaendelea na sera zenu. Kama hela ya nje inapunguza ya ndani, semeni mapema kijana asipoteze usiku kuandika insha ambazo mwisho wa siku zinawapunguzia nyie gharama. Mkianza kupunguza mkopo wake ni afadhali, mkianza na skolashipu yenyewe ni maumivu, na hilo nalo liko kwenye sera ambayo hakuna anayeisoma.

Kwa wale mnaodahili wageni kutoka nje, kuna kodi. Marekani skolashipu inayolipia ada na vitabu vinavyotakiwa darasani haikatwi kodi, inayolipia chumba na chakula inahesabika kipato, na mwanafunzi mgeni mwenye viza ya F kwa kawaida anakatwa asilimia 14 kwenye hicho kipande, isipokuwa kama kuna mkataba wa kodi kati ya nchi yake na Marekani. Kwa hiyo aliyepata "kila kitu kimelipwa" anaamka siku moja anakuta ana deni kwenye akaunti yake ya chuo. Mkiliandika kwenye barua ya kwanza mtu atajiandaa, mkiliacha ndo simu zinakuja kwangu saa sita usiku.

Najua baadhi yenu mtasema, sasa wewe unataka tuanike biashara yetu. Eeh, na tuongee hiyo biashara maana siyo siri kihivyo. Takwimu za chama cha maofisa fedha wa vyuo huko Marekani, NACUBO, zinaonesha kwa miaka kadhaa sasa vyuo binafsi visivyo vya faida vinarudisha zaidi ya nusu ya ada ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza kama misaada na skolashipu zao wenyewe. Zaidi ya nusu. Maana yake ile ada ya kwenye tovuti ni wachache wanailipa, na sehemu kubwa ya kinachoitwa tuzo ya ufaulu ni punguzo la kumvuta mtoto asiende kwa jirani. Sina ugomvi na punguzo, mimi nani nikatae punguzo. Lakini mteja anayepewa punguzo huambiwa linaisha lini, na nyie mnamuuzia mtu mbuzi kwenye gunia halafu mnaliita gunia heshima.

Upande wa pili kuna wanaoamini jina kubwa ndo skolashipu kubwa. Kila mwaka napata kijana mwenye alama za kutisha anayesubiri skolashipu ya ufaulu Harvard au Yale, namwambia mdogo wangu, vyuo vyote vinane vya Ivy League, hilo kundi la vyuo binafsi vyenye jina ambamo Harvard na Yale wamo, havitoi kitu hicho, vyenyewe msaada wao unaangalia uhitaji wa familia tu. Ananiangalia kama namuonea wivu. Hilo vyuo hivyo vimeliandika wazi kabisa, na ndo naposhangaa, kama wao wanaweza kuandika sentensi kavu kwamba hatutoi, nyie mnaotoa mnashindwa vipi kuandika mnatoa kwa sharti gani?

Sheria imeshajaribu kidogo. Tangu Oktoba 2011 vyuo vya Marekani vinavyopokea misaada ya serikali kuu kwa wanafunzi vinatakiwa viwe na kikokotoo kwenye tovuti cha kukadiria gharama halisi baada ya misaada. Ni hatua, ila nenda ukijaribu, vingine vinauliza maswali machache tu na alama za mtoto havitaki kujua, ina maana skolashipu ya ufaulu haimo kwenye hesabu, na kwa mgeni wa nje mara nyingi majibu hayamhusu kabisa. Na hata kile kizuri kinakupa makadirio ya mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili hakuna kikokotoo.

Kwa hiyo ombi langu lina sura hii, na sihitaji kikao wala kamati. Kwenye ileile barua ya hongera, ukurasa wa kwanza, chini ya kiasi, wekeni kisanduku. Ndani yake: wastani unaotakiwa kila mwaka na kama mnakadiria au hapana, krediti ngapi na kati ya tarehe gani na gani, mnapima kila muhula au mwisho wa mwaka, kiasi kinapanda na ada au hakipandi, hela ya nje inapunguza nini, akihama fani inakuwaje, akiugua akaahirisha mwaka inakuwaje. Na kwenye mfumo wa kuacha somo, pale mwanafunzi anapobonyeza, itokee taarifa: ukiacha hili utabaki na krediti 12, skolashipu yako inadai 30 kwa mwaka. Mfumo unajua tayari, data zote zimo humo humo, ni fundi wenu mmoja na wiki moja.

La mwisho ni rufaa. Karibu wote mnayo, wachache mnaitaja. Kijana akipokea barua ya kukatiwa anadhani imeisha, anafunga mabegi au anakimbilia mkopo, wakati aliyekuwa na mjomba anayejua mambo anaandika barua ya kurasa mbili, anaambatanisha cheti cha hospitali, anarudishiwa. Hivyo hata rufaa imekuwa ya wenye kujuana. Wekeni jina la ofisi, tarehe ya mwisho ya kuwasilisha, na ni ushahidi gani mnaukubali, ndani ya barua ileile inayomkatia. Barua za mwaka huu najua zimeshachapwa, za mwaka ujao bado.

Wenu,
Mjaza fomu